Bei Iliyofichwa Kwenye Kalibu

Roboti ya kugeuka ni kichezeo chenye maumbo mawili katika mwili mmoja. Ikikunjwa ni lori, ndege, bastola au mnyama. Ikikunjuliwa inasimama kwa miguu miwili, ina kichwa, ngumi na macho. Lengo ni kwamba kisiwepo kipande kinachong'olewa wala kuongezwa. Boneti ya gari inakuwa kifua, milango inakuwa mabawa, magurudumu yanajificha nyuma ya visigino. Duniani kote roboti hizi zinajulikana kwa jina la Transformers, jina ambalo Tanzania limekuta nafasi imeshakaliwa: kwa mtu wa Bangwe, Mwanga au Gungu mjini Kigoma, transfoma ni lile kopo kubwa la umeme juu ya nguzo.

Kwa wanaozikusanya, bei zake zimekuwa kero ya miaka mingi. Filamu ya kwanza ya Transformers ilipotoka mwaka 2007, roboti ya daraja la Deluxe, yenye urefu wa kama sentimita 14, iliuzwa Marekani kwa dola 10 hivi. Mwaka 2019 roboti ya daraja lilelile ilikuwa dola 20. Mwaka 2023 ilikuwa dola 25. Mfumuko wa bei wa Marekani peke yake ungezifikisha dola 10 za mwaka 2007 kwenye dola 15 mwaka 2023. Dola 10 zinazozidi hapo ndizo zenye hadithi.

Hadithi hiyo inaanzia Japani. Kampuni ya Takara ilianza kuuza mfululizo wa vichezeo uitwao Diaclone mwaka 1980, na baadaye Micro Change, ambamo kaseti, kamera na bastola zilifunguka zikawa roboti. Mwaka 1983 kampuni ya Marekani ya Hasbro iliviona, ikachukua haki ya kuviuza na kuviweka vyote chini ya jina moja. Mwaka 1984 viliingia madukani Marekani vikisindikizwa na katuni ya televisheni na vitabu vya vibonzo vya kampuni ya Marvel, ambako mhariri Bob Budiansky aliwapa wahusika wengi majina na tabia zao. Vichezeo vyenyewe vilikuwa vimeshabuniwa. Kilichoongezwa ni kisa. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwenye suala la bei, kwa sababu kalibu za roboti zile za kwanza zilikuwa zimeshachongwa Japani kwa ajili ya soko la Japani. Biashara ya Transformers ilianza bila bili ya kuchonga.

Mwaka huohuo wa 1984 familia za Tanzania zilikuwa kwenye foleni za sabuni na sukari, na kampeni ya mwaka uliotangulia dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi ilikuwa bado mbichi vichwani. Ndiyo maana hakuna haja ya kupekua masanduku ya zamani ya Ujiji kwa matumaini ya kukuta roboti Optimus Prime wa toleo la kwanza. Hakufika.

Ili kuelewa bei, inafaa kuishika roboti moja na kuifungua. Kwenye kiwiko kuna pini ya chuma nyembamba kama kijiti cha kiberiti, iliyogongwa ndani ya tundu lenye kipimo kamili: likizidi kidogo mkono unaning'inia, likipungua plastiki inapasuka. Kwenye nyonga kuna kiungo cha duara kinachozunguka pande zote. Kifua kina bawaba mbili, moja ya kushusha kichwa na nyingine ya kufunika shimo kilipotoka. Mguu una kifuniko kinachopinda ili tairi lilale ndani. Gari la kawaida la kuchezea lina vipande vichache tu, bodi, sakafu, ekseli na magurudumu. Roboti ya kugeuka ina makumi ya vipande, na kila kimoja kinapaswa kuonekana vizuri mara mbili, kwenye gari na kwenye mtu. Mbunifu anatumia miezi kadhaa akitafuta pa kuficha mikono.

Kila kipande kinazaliwa kwenye kalibu. Hilo ni pande la chuma kigumu lililochongwa kwa ndani umbo la kitu kinachotakiwa, likafungwa kwa mashine yenye nguvu nyingi, plastiki iliyoyeyuka ikasukumwa ndani, ikapoa, ikatolewa. Kuchonga kalibu za roboti moja nzima kunagharimu makumi au hata mamia ya maelfu ya dola, na fedha hizo zinalipwa kabla roboti ya kwanza haijauzwa.

Anayekodi boti pale Kibirizi kwenda Gombe anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Petroli ya safari ni ileile, nahodha ni yuleyule, iwe boti imebeba watu wawili au ishirini. Wakiwa ishirini kila mmoja anatoa kidogo. Wakiwa wawili, kila mmoja anabeba nusu ya boti. Kalibu ndiyo boti. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, kalibu za roboti moja zimegharimu dola 300,000. Zikitoka nakala 300,000, kila nakala imebeba dola moja ya kalibu. Zikitoka nakala 30,000, kila moja imebeba dola 10. Plastiki ni ileile, rangi ni ileile, kisanduku ni kilekile. Abiria ndio waliopungua.

Na kweli wamepungua. Roboti ya mwaka 1984 ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto aliyeona katuni baada ya shule, na watoto wa namna hiyo walikuwa mamilioni. Leo mtoto huyo ana simu. Roboti ngumu zenye viungo vingi sasa zinabuniwa kwa ajili ya mtu mzima, mara nyingi yuleyule mtoto wa 1984 akiwa na mvi, na watu wazima wa aina hiyo ni wachache ingawa wana mfuko mzito. Kampuni imejirekebisha kufuata mnunuzi: watoto wadogo wanatengenezewa roboti rahisi zinazogeuka kwa hatua moja au mbili, na wakubwa wanatengenezewa zenye hatua thelathini. Zile za hatua thelathini ndizo zinazopanda bei. Mfululizo wa Masterpiece, ulioanzishwa na Takara mwaka 2003, ulisema waziwazi kwamba mnunuzi wake si mtoto.

Madukani nako kulitikisika. Mnyororo wa maduka ya Toys "R" Us ulikuwa ukiagiza vichezeo kwa wingi na kuvipanga rafu baada ya rafu. Uliomba ulinzi wa kufilisika Septemba 2017 na mwaka 2018 ukafunga maduka yake ya Marekani. Maduka makubwa yaliyobaki yanauza pia nyama, nguo na matairi, na rafu ya vichezeo ndani yake ni fupi. Oda zikawa ndogo, na oda ndogo inarudi palepale kwenye boti yenye abiria wawili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Unicron, roboti inayogeuka sayari. Mwaka 2019 Hasbro iliitangaza kwa utaratibu ambao Mtanzania yeyote aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi anaujua: bajeti inatajwa kwanza, watu wanaahidi, na lengo lisipotimia shughuli haipo. Lengo lilikuwa wanunuzi 8,000, kila mmoja dola 575. Lilitimia, na mwaka 2021 wanunuzi walianza kupokea roboti yenye urefu wa kama sentimita 69. Hakuna duka ambalo lingethubutu kuiweka rafuni. Watu wasiopungua 8,000 waligawana gharama ya kuchonga, na dola 575 ndiyo nauli iliyotokana na idadi yao.

Njia ya kampuni ya kupunguza makali ni kutumia kalibu moja mara nyingi. Mambo ni kama ya kanga: mji na pindo ni vilevile, rangi zinabadilishwa na jina linabadilishwa. Tangu mwaka 1984 ndege Starscream, Thundercracker na Skywarp ni umbo moja lenye rangi tatu. Siku hizi kalibu inabuniwa tangu mwanzo ikiwa na vipande vya kubadilisha, kichwa hiki kwa huyu na kifua kile kwa yule, ili izae wahusika wanne au watano. Mkusanyaji analalamika kwamba anauziwa kitu kimoja mara tano, na ana haki ya kulalamika, lakini bila ujanja huo kila mmoja wa hao watano angekuwa ghali zaidi.

Watu wengi wakiulizwa sababu ya bei kupanda wanataja mafuta, kwa kuwa plastiki inatokana na mafuta. Mafuta yamo, ila sehemu yake ni ndogo. Roboti nyingi zinatengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, ngumu na yenye kung'aa, ambayo kiwandani kilo moja huwa ni kama dola 2. Roboti ya Deluxe ina gramu mia moja na kitu. Plastiki yake yote, basi, ni senti 20 au 30. Hata bei ya mafuta ikipanda maradufu, roboti haiwezi kupanda dola tano kwa sababu hiyo.

Mikono ya watu ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya vichezeo vya dunia inatoka China, hasa mkoa wa Guangdong, na kwa miaka mingi takribani vinne katika kila vitano vilivyouzwa Marekani vilitoka China. Mashine inatoa vipande, lakini kuviunganisha ni kazi ya binadamu: kugonga pini, kukaza skrubu, kupulizia rangi. Kila doa la rangi linahitaji kifuniko chake chenye tundu, na mtu wa kukishika. Uso wa roboti wenye macho ya buluu, mdomo wa fedha na kofia nyekundu umepita mikononi mwa watu kadhaa. Mishahara ya Guangdong imepanda mara kadhaa tangu miaka ya 1980, na kampuni zimejibu kwa kuhamishia baadhi ya kazi Vietnam na India, na kwa kupunguza rangi. Roboti nyingi za sasa zina migongo isiyopakwa chochote, na miguu yenye mashimo kwa nyuma ili kuokoa plastiki. Inayouzwa ghali kwa hiyo inaweza kuonekana duni mkononi, na hapo ndipo hasira za wanunuzi zinapowaka.

Usafiri ulizidisha bei. Kwa fahirisi ya kampuni ya Drewry, kusafirisha kontena la futi 40 kulikuwa kwa wastani dola 1,420 mwaka 2019. Septemba 2021, janga la UVIKO-19 likiwa limevuruga bandari, kulifika dola 10,377. Kisanduku cha roboti kimejaa hewa kuliko mzigo, na hewa nayo inalipiwa nafasi kwenye kontena. Vitu vyepesi vyenye visanduku vikubwa viliumia kuliko vyuma. Nauli zilishuka baadaye, bei za roboti hazikushuka. Mashambulizi ya meli katika Bahari ya Shamu kuanzia mwisho wa 2023 yalizilazimisha meli nyingi za kutoka Asia kwenda Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kisha zikaja kodi za Marekani dhidi ya bidhaa za China, zilizofika asilimia 145 Aprili 2025 na kushushwa hadi 30 mwezi uliofuata. Mpangaji wa bei asiyejua kodi ya mwezi ujao huweka bei ya tahadhari.

Kuna pia roboti ghali kwa sababu zake yenyewe. Mwaka 2021 kampuni ya Robosen ilitoa Optimus Prime anayejigeuza bila kuguswa, akisikia sauti ya mwenyewe, akiwa na mota 27 na vipande zaidi ya 5,000. Iliuzwa kwa mamia ya dola. Huyo yuko karibu zaidi na kompyuta.

Bei za roboti za zamani zinafuata njia tofauti kabisa, kwa sababu hakuna anayezitengeneza tena na idadi yake inapungua kila mwaka. Watoto walizivunja, wazazi walizitupa, na nyingine zinajiangamiza zenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 viwanda vilichanganya plastiki na chembe za kung'aa ili ionekane kama dhahabu. Mchanganyiko ule haukushikana vizuri. Miaka ikapita, plastiki ikakauka ndani kwa ndani, na leo roboti iliyotunzwa kabatini bila kuguswa inaweza kubomoka kama biskuti mtu anapoikunjua kwa mara ya kwanza. Black Zarak, iliyouzwa Japani mwaka 1988, ina sifa mbaya kwa ugonjwa huo. Aliye nayo nzima hathubutu kuigeuza. Kichezeo ambacho thamani yake ilikuwa kugeuka kinabaki na thamani kwa kutogeuzwa.

Kisanduku kina bei yake pia. Roboti ya mwaka 1984 iliyofunguliwa, yenye michubuko na isiyo na bunduki yake, ni kitu kimoja. Ileile ikiwa bado imefungwa kiwandani, karatasi za maelekezo hazijakunjuliwa, ni kitu kingine, na tofauti ya bei inaweza kuwa mara kumi na zaidi. Pengo hilo limewavuta waghushi. Waghushi walikuwapo tangu mwanzo, na kuanzia mwaka 1985 Hasbro iliweka juu ya roboti zake kibandiko cheusi chenye kuhisi joto: ukikisugua kwa kidole, kinabadilika rangi na nembo ya kundi la roboti hiyo inajitokeza. Kwa mtoto kilikuwa fumbo, kwa kampuni kilikuwa muhuri. Kampuni yenyewe ikirudia kutoa toleo la zamani, kama ilivyofanya kwa baadhi mwaka 2018, bei ya zile zilizofunguliwa hushuka, ya zilizofungwa huyumba kidogo tu.

Kufika Kigoma kunaongeza bei ya pili juu ya ile ya kwanza. Tuseme roboti ya dola 25 imenunuliwa wakati dola ni shilingi 2,500: ni shilingi 62,500. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa zilizokamilika kwa kawaida hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na Tanzania Bara huongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inayokokotolewa baada ya ushuru kuingizwa. Kodi hizo mbili peke yake zinaifikisha roboti hiyo kwenye shilingi 92,000 na ushee, kabla ya nauli ya meli, tozo nyinginezo na faida ya muuzaji. Shilingi yenyewe haikukaa mahali pamoja: dola iliyokuwa kama shilingi 2,300 mwaka 2021 ilipita 2,600 katikati ya 2024. Kutoka bandari ya Dar es Salaam kuna kilomita 1,250 za reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, au malori ya kupitia Tabora.

Kwa hesabu hiyo, roboti halisi hazina sababu ya kufika, na mara nyingi hazifiki. Zinazofika ni za njia nyingine. Mfanyabiashara wa Kariakoo ananunua kwa jumla Guangzhou au Yiwu, anachangia kontena na wenzake, anakomboa mzigo, na katoni zinapanda lori hadi soko la Mwanga. Nyingine zinashuka Kibirizi na kuvuka kwa maboti ya mbao kwenda Burundi na Kongo. Ndani ya katoni hizo, pamoja na midoli ya kike na bunduki za maji, limo gari la polisi lenye betri tatu tumboni. Linakimbia sakafuni likipiga king'ora na kumulika taa, linasimama, linanyanyuka kwa makalio, milango inafunguka kidogo, kichwa kinachomoza, na tayari ni roboti. Likitaka linalala tena na kuendelea na safari.

Bei yake ni sehemu ndogo sana ya shilingi 92,000, na hesabu yake ni ileile ya boti, ila boti hii imejaa hadi pomoni. Mkono hauna kiwiko, mguu hauna goti. Mota moja ndogo na giya chache za plastiki zinafanya kazi yote, hivyo kalibu zake ni chache na za kawaida. Umbo halikubuniwa upya. Limeigwa kwa kiwanda jirani kilichoiga kwa kingine. Hakuna anayelipwa kwa jina, kwa filamu wala kwa nembo ya kampuni ya magari. Na nakala zinazotolewa zinasambaa kutoka Lagos hadi Lima, kila moja ikibeba kipande cha kalibu kisichohesabika.

Udhaifu wake uko kwenye giya. Jino moja likikatika, mota inaunguruma na gari halinyanyuki. Fundi redio wa mtaani anaweza kufungua skrubu za tumboni, akasafisha kutu kwenye vishikizo vya betri na kuunga waya, lakini jino la plastiki halina spea. Kuanzia hapo linabaki gari la polisi: linakimbia, linapiga king'ora, linagonga kizingiti na kugeuza njia.